Humphry Davy na Taa ya Wachimba Makaa

1. Hatari iliyomo chini ya ardhi

Makaa ya mawe si kama makaa ya miti tunayoyachoma sisi. Hayo yalitokana na misitu ya zamani sana, iliyoanguka katika matope, ikafunikwa na udongo, ikagandamizwa kwa muda mrefu usiohesabika hata ikawa kama jiwe jeusi. Jiwe hilo likiwashwa huwaka kwa ukali. Watu wa Uingereza waliyatumia kwa kupasha moto nyumba zao wakati wa baridi, tena tangu karne ya 18 yakaendesha mashine za mvuke. Kadiri haja ya makaa ilivyozidi, ndivyo wachimbaji walivyozidi kushuka chini.

Lakini ndani ya makaa hayo hukaa hewa ya namna nyingine, ambayo wachimbaji waliiita hewa ya moto. Haina rangi wala harufu. Hutoka polepole katika nyufa za makaa na kukusanyika chini ya dari ya shimo. Ikichanganyika na hewa tuvutayo, kiasi cha sehemu 5 mpaka 15 katika kila sehemu 100, huwa ni baruti iliyotegwa. Cheche moja tu yatosha. Hulipuka kwa kishindo, na upepo wake huvunja magogo yanayoshikilia dari. Hata ukiisha moto, hubaki hewa nyingine yenye sumu, nayo huwaua wengi waliookoka katika moto wenyewe.

Fikirini basi shida ya watu wale. Bila taa hawakuweza kufanya kazi, maana shimoni ni giza tupu. Na taa yenyewe ndiyo iliyowaua. Katika mashimo mengine alikuwako mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kujifunika magunia yaliyoloweshwa maji, akatambaa mbele ya wenzake na mshumaa juu ya ufito mrefu, ili ailipue hewa hiyo ikiwa bado kidogo. Wengine walizungusha gurudumu la chuma juu ya jiwe gumu, wakaona njia kwa mwanga wa cheche zake. Lakini cheche hizo nazo ziliweza kuwasha hewa. Tena wako waliojaribu kufanya kazi kwa mwanga hafifu wa ngozi za samaki zilizooza, ambazo hung'aa gizani. Hivyo ndivyo walivyohangaika mpaka alipotokea mtu ambaye habari zake tutazisoma sasa.

2. Mtoto wa mchonga miti

Humphry Davy alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 huko Penzance, mji mdogo wa pwani katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchonga miti. Humphry alikuwa mtoto wa kwanza wa watoto watano. Shuleni hakujulikana kwa bidii; alipenda zaidi kuvua samaki, kutembea ufuoni, na kuwasimulia wenzake hadithi.

Mwaka 1794 baba yake akafa, akaacha madeni makubwa. Mama yake hakukaa kulia tu, bali alifungua duka la kofia za wanawake, akafanya kazi mpaka madeni yakalipwa. Mtoto alipoyaona hayo, moyo wake ukageuka. Mwaka uliofuata akawekwa kwa mganga mmoja wa mji ule ili ajifunze kazi ya dawa. Hapo akajiandikia orodha ya mambo yote aliyotaka kujifunza, na lugha saba zikiwamo, akaanza kujifundisha mwenyewe usiku na mchana.

Zaidi ya yote alipenda kemia, yaani elimu ya kujua vitu vimefanyizwa kwa nini, na jinsi vinavyoungana na kutengana. Hakuwa na vyombo. Alitumia vikombe, vyungu, mabomba ya kiko, na chupa za dawa za bwana wake. Tena alipata chombo cha tabibu kutoka kwa Mfaransa mmoja aliyevunjikiwa na merikebu karibu na pwani ile, akakigeuza kiwe bomba la kuvuta hewa. Asiye na chombo na atumie akili, ndipo chombo kitakapopatikana.

3. Sifa zake zaenea

Mwaka 1798, naye hajatimiza miaka 20, akaitwa kwenda Bristol. Huko daktari mmoja, jina lake Thomas Beddoes, alikuwa akianzisha nyumba ya kuwatibu wagonjwa kwa kuwavutisha hewa za namna mbalimbali. Kazi ya Davy ilikuwa kuzipima hewa hizo, naye alizijaribu katika mwili wake mwenyewe. Mara moja alivuta hewa ya sumu itokayo katika makaa yanayowaka, akawa karibu kufa. Hewa nyingine ilimfanya acheke na kufurahi bila sababu, na maumivu ya jino yakapungua. Mwaka 1800 aliandika ya kuwa huenda hewa hiyo ikafaa kwa kuondoa maumivu ya mgonjwa apasuliwapo. Watu hawakuyatia moyoni maneno hayo, na zaidi ya miaka 40 ikapita kabla hewa hiyo haijaanza kutumiwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 1801 alihamia London kufundisha katika Royal Institution, nyumba iliyoanzishwa kwa kueneza elimu. Alikuwa msemaji hodari, na watu wakubwa wa mji, wanaume kwa wanawake, walimiminika kumsikiliza, hata njia ya mbele ya nyumba ile ikajaa magari ya farasi. Mwaka 1807, kwa nguvu za umeme, alipata madini mawili ambayo hakuna mtu aliyepata kuyaona yakiwa peke yake, nayo ni potasiamu na sodiamu. Mwaka 1808 akapata na mengine, na kalisiamu, iliyomo katika chokaa, ni moja yao. Ijapokuwa Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani, wataalamu wa Ufaransa walimtunukia nishani kwa ajili ya kazi yake.

Mwezi wa Aprili mwaka 1812 mtawala wa Uingereza akampa cheo cha heshima, akaitwa Sir Humphry. Mtoto wa mchonga miti alikuwa amefika mahali pa juu. Lakini kabla miezi miwili haijapita tangu siku hiyo, kaskazini ya nchi ile ile lilitokea jambo ambalo halikutokea katika majumba ya wakubwa.

4. Msiba wa Felling

Felling ni mahali karibu na mto Tyne, upande wa pili wa mji wa Newcastle. Palikuwa na shimo la makaa lenye milango miwili. Na mmoja ulikwenda chini zaidi ya meta 180. Tarehe 25 Mei 1812, karibu saa tano na nusu mchana, wachimbaji wa zamu ya asubuhi walikuwa wakipishana na wenzao, na kwa hiyo watu waliokuwamo ndani walikuwa wengi kuliko desturi. Mara hewa ya moto ikalipuka.

Ardhi ilitetemeka, na kishindo kikasikiwa mbali sana. Vumbi la makaa na vipande vya miti vikarushwa juu kutoka katika midomo ya shimo. Katika kijiji cha Heworth giza likashuka kama la magharibi, na vumbi likafunika njia hata nyayo za wapitao zikaonekana wazi. Wanawake na watoto wakakimbia kwenda shimoni, kila mmoja akimtafuta wake. Kwa kuwa chombo cha kuvuta kamba kilikuwa kimeharibika, watu wenyewe wakaishika kamba mahali pa farasi, wakavuta kwa nguvu zao zote.

Watu 32 walitolewa wakiwa hai, lakini watatu kati yao walikufa baadaye. Waliobaki chini hawakuweza kufikiwa, kwa kuwa hewa yenye sumu iliwazuia waokoaji, na makaa yenyewe yalikuwa yanawaka. Basi ikapitishwa shauri chungu: midomo ya shimo ikazibwa, ili moto ukose hewa ukazimika. Fikirini wale wajane waliosimama juu wakitazama udongo ukitupwa, wakijua walio wao wamo ndani. Wengine walilia na kukataa, wakitumaini ya kuwa labda yuko aliye hai bado.

Shimo halikufunguliwa mpaka mwezi wa Julai, na kazi ya kuwatoa maiti iliendelea mpaka Septemba. Waliokufa walikuwa 92, na mmoja wao hakupatikana kamwe. Wengi walikuwa vijana, na wengine watoto wa umri wenu, maana siku zile watoto walitumwa shimoni kufungua na kufunga milango ya hewa, wakikaa gizani saa nyingi peke yao. Walizikwa katika makaburi ya kanisa la Heworth, na juu yao pakasimamishwa nguzo ya jiwe yenye majina yao na umri wao.

Wakati ule haikuwa desturi kuitangaza sana misiba ya mashimo, maana wenye mali hawakupenda isemwe. Lakini kasisi wa Heworth, John Hodgson, aliyewazika watu wale, hakunyamaza. Aliandika habari yote ya msiba huo, akaipiga chapa, ili nchi nzima isome. Hivyo mtu mmoja asiye na elimu ya hewa wala ya moto alianzisha kazi njema kwa kusema kweli tu. Tarehe 1 Oktoba 1813 watu wema wakaunda chama katika mji wa Sunderland, kusudi lake kutafuta njia ya kuzuia misiba ya namna hiyo.

5. Davy atengeneza taa

Mtu wa kwanza kujitahidi alikuwa William Reid Clanny, daktari wa Sunderland. Mwaka 1813 alionyesha taa ambayo hewa yake ilisukumwa kwa mivuo na kupita ndani ya maji. Ilikuwa salama, lakini nzito, nayo ilihitaji mtu wa kuivuvia daima. Haikumfaa mchimbaji anayetambaa katika njia nyembamba. Ndipo chama kikamwomba Sir Humphry Davy awasaidie.

Davy alikuwa amerudi mwaka ule wa 1815 kutoka safari ndefu ya Ulaya. Mwezi wa Agosti akaenda Newcastle, akaonana na kasisi Hodgson na wasimamizi wa mashimo, akawauliza maswali mengi. Kisha akarudi London. Hodgson akampelekea chupa zilizojazwa hewa ya moto kutoka shimoni. Davy akaingia chumba chake cha kazi pamoja na msaidizi wake kijana, Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, wakaanza kuijaribu hewa ile kwa kila njia.

Davy akagundua jambo moja dogo, nalo ndilo lililokuwa ufunguo. Aliona ya kuwa moto hauwezi kupita katika tundu jembamba la chuma. Kwa nini? Kwa sababu chuma hunyonya joto upesi, na moto ukipoteza joto lake hufa. Kwanza akatengeneza taa zenye mirija myembamba. Kisha akawaza: je, wavu wa waya si mkusanyiko wa matundu madogo mengi? Akachukua wavu uliosukwa sana, wenye matundu 784 katika eneo la inchi moja ya mraba, akauzungusha kuwa kama mkebe, akaufunika juu ya utambi wa taa ya mafuta. Hewa iliingia, na mwanga ulitoka. Lakini moto haukuweza kutoka. Hewa ya moto iliingia na kuwaka humo ndani ya wavu, wala haikuiwasha iliyo nje.

Tena taa hiyo ilikuwa mlinzi. Penye hewa ya moto, ulimi wa moto hurefuka na kuvaa kilemba cha rangi ya samawati. Penye hewa isiyofaa kuvutwa, hufifia na kuzimika. Basi mchimbaji aliitazama taa yake kama mtu amtazamavyo mbwa wake usiku: akibweka, pana jambo.

Tarehe 9 Novemba 1815 Davy aliwaeleza wataalamu wa Royal Society matokeo ya kazi yake. Tarehe 9 Januari 1816 taa ya wavu ilishushwa katika shimo la Hebburn, mahali penye hewa mbaya, nayo haikulipua kitu. Muda wa miezi michache tu ulikuwa umepita tangu aombwe.

Rafiki zake wakamshauri aiandikishe taa ile kuwa mali yake, ili kila aitengenezaye amlipe. Kwa njia hiyo angalipata maelfu ya pauni kila mwaka. Davy akakataa. Alisema kusudi lake lilikuwa kuwafaa wanadamu, na likitimia hilo limemtosha. Mwaka 1817 wenye mashimo wa kaskazini walimpa vyombo vya fedha vya thamani kubwa kuwa shukrani.

6. Ugomvi juu ya taa

Haifai kusoma habari za mtu mkubwa na kuficha kasoro zake. Wakati ule ule alikuwako George Stephenson, fundi wa mashine katika shimo la Killingworth, ambaye baadaye alipata sifa kwa magari ya moshi. Stephenson alizaliwa katika umaskini, wala hakujua kusoma mpaka alipofikia miaka 18. Yeye naye alitengeneza taa ya usalama kwa kujaribu na kujaribu tena, na mwezi wa Oktoba mwaka 1815 akaishika mkononi mwake mwenyewe, akaingia nayo penye hewa ya hatari. Huo ni ushujaa mkubwa.

Davy hakusadiki ya kuwa fundi asiye na elimu ya chuo angeweza kufanya jambo kama hilo. Akamshitaki kwa wizi wa akili. Watu wa kaskazini wakamtetea fundi wao, wakamchangia pauni 1,000. Leo wenye kuzichunguza habari hizo wanakubali ya kuwa kila mmoja alifika kwa njia yake, wala hapakuwa na wizi. Hata kwa Faraday, aliyempenda kwanza na kumfundisha, Davy aliona wivu alipoanza kung'aa. Alipinga asiingizwe katika Royal Society, lakini Faraday akaingia mwaka 1824. Yule aliyesahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mchonga miti, alishindwa kumheshimu mtoto wa mhunzi.

Davy alikuwa mkuu wa Royal Society tangu mwaka 1820 mpaka 1827. Kisha maradhi yakamdhoofisha, akasafiri Ulaya akitafuta afya. Akafa tarehe 29 Mei 1829 katika mji wa Geneva, nchi ya Uswisi, akazikwa huko, naye ana miaka 50. Baadaye vile vyombo vya fedha alivyopewa viliyeyushwa na kuuzwa, na fedha zake zikawekwa kwa kutoa nishani ya Davy, inayotolewa kwa wataalamu wa kemia tangu mwaka 1877.

7. Taa peke yake haitoshi

Je, misiba ilikoma? La. Taa iliokoa watu wengi, lakini wenye mashimo wengine waliitumia kwa kufungua sehemu zilizoachwa zamani kwa ajili ya hatari yake, na badala ya kuzidisha upepo safi shimoni wakaitegemea taa tu. Tena wavu ukipata moto sana, au ukitoboka, au upepo ukivuma kwa nguvu, moto huweza kutoka. Mwanga wake pia ulikuwa hafifu, na wachimbaji wengine waliufungua wapate kuona vizuri.

Mwaka 1844 shimo la Haswell lililipuka, wakafa watu 95. Faraday alitumwa kuchunguza, naye akaonya ya kuwa vumbi la makaa lenyewe huongeza moto. Onyo hilo halikutiliwa maanani vya kutosha. Tarehe 10 Machi 1906, huko Courrières katika Ufaransa, walikufa watu 1,099. Mwaka 1913 huko Senghenydd katika Wales wakafa 439 kwa mlipuko mmoja. Mwaka 1942 katika shimo la Benxihu nchini China, lililokuwa chini ya mamlaka ya Wajapani, wakafa 1,549; huo ndio msiba mkubwa kupita yote ya makaa ya mawe. Wala bara letu halikusalimika. Tarehe 6 Juni 1972 shimo la Wankie, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, lililipuka, wakafa watu zaidi ya 400, na wengi wao wamelala humo humo mpaka leo, kwa kuwa shimo lilifungwa likawa kaburi lao.

Baadaye nchi nyingi ziliweka sheria: upepo usukumwe shimoni kwa mashine, vumbi la mawe linyunyizwe ili kuua nguvu ya vumbi la makaa, hewa ipimwe kila mara, na taa za umeme zitumike. Mahali sheria zinaposhikwa, vifo vimepungua sana; mahali zinapodharauliwa, watu huendelea kufa.

Basi tukimkumbuka Davy, tukumbuke mambo mawili. Akili aliyopewa na Mungu aliitumia kwa ajili ya watu ambao hawakuweza kumlipa kitu, na hiyo ndiyo sifa yake isiyokufa. Lakini chombo chema mikononi mwa mwenye tamaa hakimlindi mtu. Pamoja na taa hutakiwa na haki: maisha ya mchimbaji yahesabiwe kuwa na thamani kuliko makaa ayachimbayo.

Maswali

1. Kwa nini taa za kwanza ziliwaletea wachimbaji hatari?
2. Kasisi Hodgson alifanya nini baada ya msiba wa Felling, na kazi yake ilileta faida gani?
3. Elezeni kwa nini moto haukuweza kupita katika wavu wa waya.
4. Davy alikosa nini katika habari ya Stephenson na ya Faraday?
5. Kwa nini misiba haikukoma baada ya taa kupatikana?